LED, QLED au OLED? Jua TV Unayonunua Kabla ya Kuweka PIN

Mama yangu anaishi Molo. Mwaka mmoja aliweka akiba kwenye simu kuanzia Aprili, leo mia mbili, kesho mia, hadi Desemba ikafika shilingi 14,500. Alitaka TV tu. Akaniambia, "Wewe umesoma, nenda Nakuru unichagulie." Nikaenda mjini, nikapata duka la TV za ex-UK, nikaona moja kubwa ya inchi 42 iliyokuwa na picha safi sana. Nikalipa, nikaifunga kwa blanketi, nikapanda matatu nikijiona shujaa.

Jioni hiyo tulitafuta chaneli mara tatu. Hakuna hata moja. Ikabidi tununue dekoda. Kisha tokeni ya stima ambayo mama alizoea imalize mwezi ikaisha baada ya wiki mbili na siku kidogo. Mama hakunilaumu. Alianza tu kuzima TV mara taarifa ya saa moja ikiisha, na watoto wa dada yangu wakarudi kwa jirani kutazama katuni.

Nilikuwa nimesomea marketing chuo kikuu. Nilijua kusoma tangazo, lakini sikujua kusoma kibandiko kilicho nyuma ya TV. Somo la leo ni kwa ajili yako wewe unayepanga kununua TV, ili pesa uliyoiweka mdogo mdogo isiishie kwa majuto.

1. Herufi zilizo kwenye boksi zina maana gani?

Ukiingia duka lolote pale Kenyatta Avenue utaambiwa, "Hii ni LED, hii QLED, hii OLED." Tuzielewe moja moja.

LCD na LED. Kwanza, siri ndogo: TV inayoitwa LED ni LCD. Skrini ya LCD haitoi mwanga wake yenyewe. Inahitaji taa nyuma yake. TV za LCD za zamani zilitumia taa nyembamba za mirija, ndugu za zile tunazoziona darasani. Baadaye zikawekwa taa ndogo za LED, ambazo hula umeme kidogo na kuifanya TV iwe nyembamba. Kwa hivyo muuzaji akikuambia "hii si LCD, ni LED," anachosema ni kwamba taa za nyuma ni za LED. TV nyingi mpya za bei ya kawaida ziko hapa, na kwa nyumba nyingi hii inatosha kabisa. Taa zile zikiungua, picha hupotea lakini sauti hubaki. Fundi mzuri huweza kuzibadilisha, kwa hivyo usikimbilie kuitupa.

QLED. Hii pia ni LCD yenye taa za LED, ila imeongezwa tabaka la chembechembe ndogo sana zinazofanya rangi ziwe kali na safi zaidi. Samsung ilianza kuuza TV zake kwa jina hilo mwaka 2017, na kampuni kama TCL na Hisense nazo zina QLED zao. Inafaa sebule yenye mwanga mwingi wa mchana, kwa sababu nyingi huwaka kwa nguvu. Usilipe pesa ya ziada kwa sababu ya ile herufi Q peke yake. Mwombe muuzaji awashe QLED na LED ya kawaida zikiwa sambamba, video ile ile. Kama macho yako hayaoni tofauti, mfuko wako usiione pia.

OLED. Hapa ndipo teknolojia inabadilika kweli. Kila nukta ya skrini hutoa mwanga wake yenyewe na inaweza kujizima kabisa. Ndiyo maana nyeusi ya OLED ni nyeusi ya kweli, na picha huonekana vizuri hata ukikaa pembeni. TV kubwa za OLED zilianza kuuzwa mwaka 2013, na bado ni ghali. Zina udhaifu mmoja ambao mfanyabiashara anapaswa kuujua: picha isiyosogea ikikaa mahali pamoja kwa muda mrefu, siku baada ya siku, inaweza kuacha alama ya kudumu. Ukiwa na kinyozi au hoteli ambapo TV iko kwenye chaneli moja ya habari kuanzia asubuhi hadi usiku, nembo ya stesheni na ule ukanda wa maandishi chini vinaweza kujichora hapo. Kwa kazi ya aina hiyo, chukua LED.

Plasma. Hii ndiyo niliyompelekea mama. Plasma ilikuwa na picha nzuri sana enzi zake, lakini ni nzito, hupata joto, na hula stima. Panasonic iliacha kuzitengeneza mwaka 2013, Samsung na LG wakafuata mwaka 2014. Ukiona plasma leo, jua ina miaka zaidi ya kumi na spea zake ni za kubahatisha. Ikiwa TV ni nene, ni nzito kuliko inavyotarajiwa na bei yake inakushangaza kwa urahisi, geuza nyuma usome.

2. Ukubwa: pima ukuta na pima kiti

Inchi za TV hupimwa kutoka kona hadi kona, mshazari. Inchi 32 ni takriban sentimita 81, inchi 43 ni sentimita 109, na inchi 55 ni sentimita 140. Tofauti kati ya 32 na 43 inasikika ndogo, lakini eneo la skrini ya 43 ni karibu mara 1.8 ya ile ya 32.

Njia rahisi ya kuchagua ni hii: chukua ule urefu wa mshazari, zidisha kwa 1.5 hadi 2.5. Hapo utapata umbali unaofaa kati ya kiti na TV.

- Inchi 32: mita 1.2 hadi 2
- Inchi 43: mita 1.6 hadi 2.7
- Inchi 55: mita 2.1 hadi 3.5

Kwa mtu anayeishi chumba cha futi kumi kwa kumi pale Kaptembwo au Rhonda, kitanda na TV vikiwa kuta mbili tofauti, macho yatakuwa kama mita mbili kutoka kwenye skrini. Inchi 32 inatosha, 43 ni starehe. Ukiweka 55 hapo utakuwa unageuza shingo kufuata mpira.

Sasa zile namba nyingine. HD ya kawaida ni nukta 1366 kwa 768. Full HD ni 1920 kwa 1080. 4K ni 3840 kwa 2160. Kwenye inchi 32, ukiwa umbali wa mita mbili, ni vigumu kuona faida ya 4K. Kuanzia inchi 50 kwenda juu, 4K ina maana, ikiwa tu kitu unachotazama kimerekodiwa kwa 4K. Picha hafifu haiwi safi kwa sababu skrini ni ya bei.

3. Digital au smart?

Kwa maduka yetu, "digital" humaanisha TV inayoshika chaneli za bure bila dekoda. Kenya ilizima matangazo ya analogi mwaka 2015, na mfumo tunaotumia kwa antena unaitwa DVB-T2. Hizo herufi na namba ziandike mahali. TV yenye DVB-T peke yake, bila 2, haitashika chaneli zetu bila dekoda. Hapo ndipo nilipoumia Molo: ile TV ilitoka Uingereza, plagi ilikubali, volti zilikubali, lakini kishika mawimbi chake kilikuwa cha mfumo wa zamani.

Kama unanunua ex-UK, tafuta nembo ya Freeview HD. Hizo zina DVB-T2. Ikiwa imeandikwa Freeview tu, hesabu bei ya dekoda juu ya bei ya TV kabla hujasema ni rahisi.

Kumbuka pia kwamba kushika mawimbi ni jambo la mahali. Bonde la Ufa lina milima na mabonde, na nyumba iliyo chini kule Subukia au Solai haishiki sawa na iliyo juu Kiamunyi. Uliza jirani anatumia antena ama dishi kabla hujanunua. Jirani ndiye mtaalamu wa eneo lako.

TV ya smart ni ile inayoingia intaneti. Hapa kuna maswali mawili:

*Bando utalitoa wapi?* Netflix wenyewe wanasema saa moja ya HD inaweza kula hadi GB 3, na 4K hadi GB 7. Ukitazama saa mbili kila usiku kwa HD, hiyo ni hadi GB 180 kwa mwezi. Kama huna waifai ya mwezi na unategemea hotspoti ya simu, smart itakuwa pambo ukutani.

*Mfumo wake ni upi?* Samsung hutumia Tizen, LG hutumia webOS, Hisense nyingi hutumia VIDAA, na nyingine nyingi hutumia Google TV au Android TV. Hizi hupata masasisho. Lakini kuna TV za bei ya chini zilizowekwa Android ya aina ya simu, na baada ya muda baadhi ya programu hukataa kufunguka. Usiamini picha za programu zilizochorwa kwenye boksi. Omba waiunganishe na intaneti hapo dukani, ufungue YouTube na programu unayoitaka, uone kwa macho yako.

Na ikiwa una digital nzuri tayari, huenda huhitaji TV mpya. Kuna vifaa vidogo vya kuchomeka kwenye HDMI vinavyoifanya iwe smart kwa sehemu ndogo ya bei.

4. Bei ya pili: stima

Bei ya kwanza unalipa dukani. Bei ya pili unalipa kila mwezi kwa tokeni. Kuijua ni hesabu ya darasa la sita.

Angalia kibandiko cha nyuma, soma wati (W). Zidisha kwa saa unazotazama kwa siku, gawanya kwa 1,000. Hizo ni yuniti za siku moja. Ili ujue bei ya yuniti moja kwako, chukua meseji yako ya mwisho ya tokeni, gawa pesa uliyolipa kwa yuniti ulizopata. Tuseme imetoka shilingi 28, na nyumba inatazama saa sita kwa siku:

- LED ya inchi 32, wati 40: yuniti 7.2 kwa mwezi, kama shilingi 202
- LED ya inchi 55, wati 120: yuniti 21.6 kwa mwezi, kama shilingi 605
- Plasma ya inchi 42, wati 250: yuniti 45 kwa mwezi, shilingi 1,260

Tofauti kati ya ya kwanza na ya mwisho ni shilingi 1,058 kwa mwezi. Kwa mwaka ni zaidi ya 12,600. Kwa maneno mengine, TV niliyoona ni rahisi ingemla mama pesa inayokaribia ile ya kuinunua, ndani ya mwaka mmoja tu.

Kama stima haijafika kwako, kuna TV za volti 12 zinazotumia sola moja kwa moja. Ya inchi 24 inaweza kutumia wati 20 hivi. Usinunue TV ya kawaida ukifikiri utaongeza inveta baadaye bila kupiga hesabu. Inveta nayo hula sehemu ya umeme wa betri.

Mambo mawili ya mwisho kuhusu stima na mazingira yetu. Msimu wa mvua na radi, stima ikipotea na kurudi kwa kishindo, TV nyingi huungua. Nunua gadi ya TV siku ile ile unayonunua TV, na radi ikianza chomoa plagi na waya wa antena pia. La pili ni vumbi. Wengi husema jina Nakuru lenyewe linatokana na neno la Kimaasai linalohusu vumbi, na Januari ukiwa Free Area utaamini. Futa matundu ya nyuma kwa kitambaa kikavu, TV ikiwa imezimwa.

5. Dukani: dakika kumi za kuokoa pesa yako

Kabla hujatoa simu, fanya hivi:

1. Iwashwe ikiwa mbele yako, kutoka kwenye boksi lile utakaloondoka nalo.
2. Omba wakuwekee picha nyeupe tupu, kisha nyeusi tupu. Nyeupe itaonyesha madoa na mistari. Nyeusi itaonyesha nukta zilizokwama na mwanga unaovuja kingoni.
3. Simama pembeni. Rangi zikififia sana, waliokaa kona ya sebule wataona vibaya.
4. Jaribu kila tundu: HDMI, USB, antena, sauti.
5. Soma kibandiko: DVB-T2, wati, volti 220 hadi 240, na namba ya siriali. Namba hiyo ifanane na iliyo kwenye boksi.
6. Uliza waranti ni ya nani, ya kampuni au ya duka, na ukipata shida utaipeleka wapi. Waranti ya mdomo haina mahali pa kurudi.

6. Wakati wa kulipa

Hapa ndipo kazi yetu sisi inapoingia, na ndipo pesa nyingi hupotea.

Lipa biashara, usilipe mtu. Tumia namba ya Till au Paybill ya duka. Jina likitokea kwenye simu kabla hujathibitisha, lisome. Likiwa tofauti na la kwenye bango, uliza kwa nini na uandikiwe jina hilo kwenye risiti. Muuzaji akisisitiza utume kwa namba yake binafsi "kwa sababu till ina shida leo", nenda duka la pili.

Weka PIN mwenyewe. Hakuna muuzaji, wakala wala mtu wa kwetu anayehitaji kuijua PIN yako.

Jihadhari na "tuma ya delivery kwanza". Tangazo mtandaoni la inchi 55 mpya kwa shilingi 15,000 linavutia. Unatuma 500 ya usafiri, kisha 2,000 ya "bima", kisha namba haipatikani. Mnunuzi wa Njoro au Elburgon akiagiza kutoka mjini, akubaliane na duka linalojulikana kwamba atalipa akipokea na kuiona ikiwaka, ama amtume ndugu anayemwamini aende dukani.

Tunza meseji na risiti. Meseji ya malipo inaonyesha tarehe, kiasi na jina. Risiti inaonyesha ulinunua nini. Moja bila nyingine ni nusu ya ushahidi. Piga risiti picha, maana wino wake hufutika.

Ukikosea namba, omba kurudishiwa hapo hapo kupitia njia rasmi ya huduma yako. Lakini elewa: pesa uliyoituma mwenyewe kwa tapeli, akishaitoa, ni vigumu kuirudisha. Ripoti kwa mtoa huduma na polisi, upate namba ya OB.

7. Je, nilipe mdogo mdogo?

Mipango ya kulipa kila siku kwa simu imesaidia watu wengi wasio na pesa ya pamoja. Si vibaya, ila piga hesabu yote. Tuseme TV ni shilingi 20,000 ukilipa taslimu. Mpango unataka 5,000 ya kwanza, kisha 80 kila siku kwa siku 270.

80 mara 270 ni 21,600. Ongeza 5,000, unapata 26,600. Umelipa 6,600 zaidi.

Upande wa pili: ukiwa na 5,000 hizo, na uweke 80 hizo hizo kila siku kwenye akiba iliyofungwa, utafika 20,000 baada ya siku 188. Miezi sita na kidogo. Swali ni lako: je, kuwa na TV sasa hivi kuna thamani ya 6,600 kwako? Kwa mwenye hoteli ambaye mpira utamletea wateja kuanzia Jumamosi hii, jibu laweza kuwa ndiyo. Kwa mtu wa nyumbani anayeweza kungoja, labda hapana. Na uulize mapema: nikikosa siku tano, TV itafungwa? Na ikiharibika kabla sijamaliza, nitaendelea kulipa?

Kwa ufupi

Kwa nyumba nyingi, LED ya inchi 32 hadi 43 yenye DVB-T2 inatosha. Chukua smart kama una waifai. QLED ikiwa sebule ina mwanga mwingi na umeona tofauti kwa macho. OLED kama una pesa na unatazama filamu usiku, usiiweke kwa biashara. Plasma, iache ipumzike.

Ile ya mama tuliiuza kwa fundi kwa spea. Safari iliyofuata alikuja mwenyewe Nakuru, akasimama mbele ya LED ya inchi 32, akamwambia kijana wa duka, "Igeuze nyuma kwanza, mwanangu." Akasoma wati. Akauliza DVB-T2. Akasoma jina la till taratibu, ndipo akaweka PIN.

Nami nilikuja kubeba boksi tu.